Uwanja wa Wote Si Mali ya Mtu

Kuna maneno matatu tunayoyasikia kila siku katika miji yetu ya Kongo. Wakristu wengine wanayarudia hata mlangoni mwa kanisa, Misa ikiisha. Neno la kwanza: "Uzuri wa mji ni kazi ya matajiri, sisi maskini tutafute kwanza unga." Neno la pili: "Miji mizuri ya Ulaya ilijengwa kwa jasho letu, haina la kutufundisha." Neno la tatu, nalo ni baya kupita yote: "Kiwanja kitupu ni hasara. Kikatwe, kiuzwe, kijengwe maduka."

Ndugu wasomaji, maneno haya matatu ni ya hatari. La kwanza ni uvivu uliovaa nguo ya umaskini. La pili lina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo umechanganywa na uwongo. La tatu ni wizi, hata kama mwizi ana karatasi yenye muhuri. Ili kuyajibu sitatumia hotuba tupu. Nitachukua mfano mmoja unaojulikana duniani kote, tena wa mji ule ule uliotutawala: uwanja mkubwa wa Bruxelles, unaoitwa kwa Kifaransa Grand-Place, na kwa Kiflamani Grote Markt, maana yake Soko Kubwa.

Tuutazame kwanza. Uwanja wenyewe si mkubwa kama jina lake. Urefu wake ni karibu metre 110, na upana karibu metre 68. Viwanja vingi vya mpira vya mashule yetu havipungui sana hapo. Umetandikwa mawe, na katikati hakuna kitu: hakuna nyumba, wala kibanda. Upande mmoja inasimama nyumba ya baraza la mji, iliyoanzwa mwaka 1402. Mnara wake, kazi ya fundi Jan van Ruysbroek, ulimalizika karibu mwaka 1455, nao unapanda metre 96. Juu kabisa yupo Mtakatifu Mikaeli, Malaika Mkuu, msimamizi wa mji, akimkanyaga Shetani. Mbele yake inasimama nyumba ambayo Waflamani wanaiita Nyumba ya Mikate, kwa sababu zamani mikate iliuzwa pale. Hii tunayoiona leo ilijengwa upya kati ya miaka 1873 na 1895. Pande zote nyingine zimezungukwa na nyumba nyembamba, ndefu, zilizobanana bega kwa bega, zenye nguzo, sanamu na dhahabu. Hakuna nyumba inayofanana kabisa na jirani yake, lakini hakuna inayogombana na jirani yake.

Sasa tuulize: nyumba hizi ni za nani? Mgeni akiziona, husema mara moja: ni za wafalme na watu wakuu. La, hasha! Zilikuwa za vyama vya mafundi. Moja ni ya waoka mikate. Juu ya mlango wake utaona kichwa cha Mtakatifu Aubert, askofu, msimamizi wao. Moja ni ya wapika pombe. Moja ni ya wachinjaji. Moja ni ya mabaharia wa mto, nayo kichwa chake kimechongwa mfano wa sehemu ya nyuma ya merikebu. Moja ni ya wapiga mishale, moja ya maseremala na wafanya mapipa, moja ya washona nguo. Nyumba ya wauza vifungo na vitambaa inaitwa Mbweha, na juu yake amesimama Mtakatifu Nikolao. Watu hawa hawakuzaliwa katika majumba ya kifalme. Waliamka alfajiri, wakakanda unga, wakachinja, wakashona. Mikono yao ilinuka hamira na damu ya ng'ombe. Ndio waliouzunguka uwanja wa mji wao kwa uzuri ambao leo watu wa mataifa yote wanakwenda kuutazama.

Mtu atasema: "Vema, lakini wao walikuwa na amani na muda." Je, ni kweli? Tusome habari za mwaka 1695. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alikuwa katika vita. Maadui zake walikuwa wameuzunguka mji wa Namur, uliokuwa mikononi mwake. Ili kuwavuta waondoke huko, alimtuma jemadari wake Villeroy kuupiga mji wa Bruxelles. Mizinga iliwekwa juu ya vilima vya Scheut, nje ya mji. Msomaji wa Kongo asilipite jina hili bila kusimama: ni mahali pale pale ambapo mwaka 1862 Padri Théophile Verbist alianzisha shirika la wamisionari wa Moyo Safi wa Maria, tunaowaita Mapadri wa Scheut, waliofika kwetu mwaka 1888. Kilima kilichotoa moto kwa mji kilitoa baadaye wahubiri wa Injili kwa nchi yetu. Basi, tangu tarehe 13 mpaka 15 Agosti 1695 mizinga ile ilitupa moto juu ya mji usio na kosa. Nyumba karibu 4,000 ziliangamia, na makanisa na monasteri pamoja nazo. Nyumba ya baraza iliungua ndani. Mnara peke yake ulibaki umesimama juu ya majivu. Na faida ya ukatili ule ilikuwa nini? Hakuna. Namur ulianguka mwezi uliofuata.

Kwa hiyo hawa hawakuwa watu wenye amani. Walikuwa watu waliosimama mbele ya majivu ya nyumba zao, kama wengi wetu tulivyosimama. Wakafanya nini? Wangeweza kusema: "Kila mtu ajitafutie." Wangeweza kuweka vibanda vya mbao katikati ya uwanja, kila mtu kipande chake, na kusema: "Ni kwa muda tu." Tunajua sisi jinsi "kwa muda" inavyozaa watoto na wajukuu. Hawakufanya hivyo. Walikopa, waliuza mali nyingine za vyama, walichangishana. Na miji jirani ya Brabant na ya majimbo mengine ya kusini iliwaletea fedha na vitu vya kujengea. Baada ya miaka mitano hivi, nyumba za uwanja zilikuwa zimesimama tena, nzuri kuliko zile za kwanza. Juu ya nyumba ya wapiga mishale waliweka ndege wa hadithi anayeungua na kufufuka katika majivu yake. Walistahili kumweka.

Hata miongoni mwao walikuwapo walioshindwa. Chama cha wachoraji hakikuwa na fedha za kutosha. Kikauza mahali pake, na aliyenunua alikuwa fundi wa mawe, akaijenga nyumba inayoitwa Njiwa. Angalieni vema: aliyenunua alinunua nyumba ya chama, hakununua uwanja. Uwanja haukuwa na bei.

Tena mwaka 1697 baraza la mji lilitoa amri ambayo ningependa ibandikwe katika kila ofisi ya mji wa Kongo. Mtu yeyote mwenye kiwanja pale asijenge kabla ya kuonyesha mchoro wa uso wa nyumba yake na kupata ruhusa. Nyumba ni yako, lakini uso wake unatazamwa na watu wote; kwa hiyo watu wote wana haki juu yake. Je, waoka mikate na wapika pombe walilia kwamba uhuru wao umeibiwa? Kila chama kilichora nguzo zake na sanamu zake, lakini ndani ya mpango mmoja. Huko ndiko kulikotoka uzuri ule: mashindano yaliyofungwa na sheria. Kwetu tuna mashindano bila sheria. Ndiyo maana ghorofa ya mmoja inafunga dirisha la mwingine, na ukuta wa mkubwa unakula njia ya wadogo.

Neno la kwanza, basi, limejibiwa. Uzuri wa mji si kazi ya matajiri peke yao. Ni kazi ya watu wanaokubali kukaa pamoja, kuchanga pamoja na kutii amri moja.

Sasa tuje kwa neno la pili: "Walijenga kwa jasho letu." Hapa lazima tuwe watu wa kweli, maana uwongo hausaidii hata haki. Nyumba za Grand-Place zilijengwa upya miaka karibu 200 kabla ya Mfalme Leopold II kujitwalia nchi yetu mwaka 1885. Mawe yale hayakulipwa kwa mpira wa Kongo. Mwenye kusema kinyume anawapa wapinzani wetu fimbo ya kutupigia.

Lakini katika mji ule ule wa Bruxelles kuna jengo jingine. Ni lango kubwa la mawe la Cinquantenaire, lenye matao matatu na farasi wa shaba juu yake, lililofunguliwa mwaka 1905. Hilo lililipwa kwa fedha zilizotoka Kongo, wakati wa utawala wa mpira wa kulazimishwa, wa wake waliofungwa kama dhamana mpaka waume zao walete mpira, wa mikono iliyokatwa. Mfalme alificha chanzo cha fedha hizo nyuma ya majina ya watu wengine. Mtu mwenye kazi halali hana haja ya kuficha mkono unaolipa.

Haya ndiyo majengo mawili ya mji mmoja. La kwanza ni la mafundi waliotoa mifukoni mwao. La pili ni la mtu mmoja aliyetoa mifukoni mwa wengine. Yote mawili ni ya mawe, yote mawili yanang'aa jua likitua. Jicho haliwezi kuyatenganisha, dhamiri inaweza. Na sisi Wakongo tuna haki ya kusema, bila chuki na bila kunyamaza: uzuri uliojengwa kwa dhuluma unadaiwa malipo. Lakini tusitupe jengo la kwanza kwa sababu ya jengo la pili. Hasa tusije sisi wenyewe tukajenga kwa namna ya pili, tukifunga mifuko ya wengine katika majumba yetu, kisha tukiita jambo hilo maendeleo.

Wala sisemi kwamba Grand-Place yenyewe haina doa. Tazameni ile nyumba ya waoka mikate. Juu ya uso wake wamechonga Mfalme Charles II wa Hispania, na kando yake mateka wawili waliofungwa: mmoja Mwarabu wa Afrika, mwingine Mhindi wa Amerika. Waoka mikate wale, wakristu waliobatizwa, waliona kwamba mtu mwenye minyororo ni pambo zuri la nyumba. Na juu ya mawe ya uwanja ule ule, tarehe 1 Julai 1523, walichomwa moto watawa wawili wa shirika la Mtakatifu Augustino kwa sababu walifuata mafundisho ya Luther. Tarehe 5 Juni 1568 walikatwa vichwa pale wakuu wawili, Egmont na Hornes. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitufundisha mwaka 1965 kwamba mtu asilazimishwe kwa nguvu katika mambo ya dini. Mawe yanakumbuka yale ambayo midomo inapenda kuyasahau. Hiyo nayo ni kazi ya uwanja wa wote: kukumbuka. Uwanja ukijazwa maduka, nani atakumbuka?

Nafika kwa neno la tatu: "Kiwanja kitupu ni hasara." Wenye kusema hivi wanajidhani kuwa watu wa hesabu. Basi tufanye hesabu.

Hata watu wa Bruxelles walikaribia kuupoteza uwanja wao. Karne ya kumi na tisa nyumba nyingi za mafundi zilikuwa zimechakaa. Mwaka 1852 nyumba moja ya pembeni, iitwayo Nyota, ilibomolewa ili njia ipanuliwe. Watu wa hesabu walishangilia. Lakini mwaka 1881 mji ulipata mkuu, jina lake Charles Buls, mwana wa mfua dhahabu. Mtu huyu hakuwa rafiki wa mashule ya Kanisa. Alipigania mashule yasiyo na dini. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Buls alifanya mapatano na wenye nyumba za uwanja: mji usaidie kuzitunza nyuso za nyumba, nao wasizibadilishe wapendavyo. Ile nyumba ya Nyota ikajengwa tena mwaka 1897, juu ya matao, ili watu wapite chini yake: njia ikabaki, na nyumba ikarudi. Mwaka 1898 alikuja hata kwetu Kongo, ilipofunguliwa reli ya Matadi mpaka Léopoldville. Na mfalme yule yule aliyetupokonya nchi alipotaka kubomoa mitaa ya kale ya Bruxelles kwa fahari yake, Buls alimpinga. Mwaka 1899 akaacha kazi. Ni wangapi katika wakuu wetu wa miji walioacha kiti ili wasitie sahihi ya kubomoa?

Baadaye yalikuja magari. Mpaka miaka ya 1970 uwanja ule mzuri ulikuwa mahali pa kuegesha magari. Watu walipanga vyuma vyao chini ya sanamu za watakatifu na kusema: "Mahali patupu pasikae bure." Mwishoni yaliondolewa. Mwaka 1971 lilitandikwa pale zulia la maua kwa mara ya kwanza, na sasa linatandikwa mwezi wa Agosti kila mwaka wa pili. Mwaka 1998 uwanja uliandikwa katika orodha ya mali za ulimwengu mzima. Leo ulizeni wenye mikahawa na mahoteli ya mji ule: ule utupu unawaletea hasara au faida? Kama wangeugawa vipande, wangepata fedha mara moja, na wajukuu wao wangepata maduka kama maduka mengine yote.

Lakini sipendi kushinda kwa hesabu ya fedha peke yake, maana hesabu ya kweli ni nyingine. Mtu maskini ana chumba kimoja, watoto saba, na mvua inaingia. Tajiri ana bustani nyuma ya ukuta. Uwanja wa wote ndio bustani ya maskini. Ndipo mtoto wake anapopiga mpira, ndipo harusi inapopita, ndipo maandamano ya Ekaristi yanapozunguka siku ya Mwili wa Bwana, ndipo mwili wa marehemu unaposimama kidogo kabla ya kwenda kuzikwa. Ukimnyang'anya maskini uwanja, humnyang'anyi kitu cha ziada. Unamnyang'anya sebule yake. Tajiri hatasikia hata baridi.

Kuna wanaojibu kwa maneno matakatifu: "Padri, tuokoe roho kwanza, mawe si kitu." Mimi nawaambia: Bwana wetu alifanya kazi ya useremala miaka mingi kuliko aliyohubiri. Alifundisha katika viwanja vya hekalu na sokoni, mahali pa watu wote. Kanisa linafundisha kwamba mamlaka yote yapo kwa ajili ya mafaa ya wote. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alisikitika kwamba vyama vya kale vya mafundi vilifutwa bila kitu kingine kuchukua mahali pao, na wafanyakazi wakaachwa peke yao mbele ya wenye fedha. Vile vya Bruxelles vilifutwa wakati Wafaransa walipoitwaa nchi, mwaka 1795. Kweli, vyama vile vilikuwa na makosa yao: viliwafungia mlango wageni, vikapendelea wana wa mafundi wakubwa. Lakini vilijua jambo moja tulilolisahau: fundi peke yake ni mtu wa kuamriwa, mafundi pamoja ni mji. Tarehe 19 Septemba 1719 mmoja wa wakuu wao, François Anneessens, alikatwa kichwa pale uwanjani kwa kutetea haki za vyama vyao. Uwanja ule ulinunuliwa kwa damu pia.

Mwisho niseme nasi wenyewe, wakristu wa parokia, maana ni rahisi kumlaumu mkuu wa mji na kujisahau. Ni nani wanaonunua vile vipande vya viwanja vya mashule na vya masoko? Wote ni wapagani? Ni nani wanaokaa katika kamati na kusema: "Tukodishe uwanja wa mbele ya kanisa, tuweke depo ya pombe na maduka sita"? Ni wale wale wanaoshika vitabu vya nyimbo siku ya Dominika. Anayenunua mali ya wote akijua kwamba aliyeuza hakuwa na haki ya kuuza, ameiba. Na mwizi haachiliwi kwa kutoa zawadi ya bati la sakristia. Arudishe.

Basi, haya ndiyo ninayoyadai. Kila parokia ipime uwanja wake na iandike mipaka yake, na karatasi zitunzwe parokiani na kwa askofu. Kila shule ya Kanisa ifanye vivyo hivyo. Vyama vyetu vya mafundi, vya maseremala, washonaji na waashi, vichague kila kimoja kazi moja ya wote: benchi, mfereji, miti kumi ya kivuli, ukuta uliopakwa chokaa. Haba na haba hujaza kibaba. Wanasheria wakristu wa mji wasimame bila malipo upande wa mtaa unaonyang'anywa uwanja wake. Na sisi sote, siku ile mashine ya kuchimba msingi itakapofika, tusiangalie kupitia dirishani tukisema: "Ni mambo ya leta."

Karibu na Grand-Place, chini ya ile nyumba ya Nyota, kuna sanamu ya shaba ya Everard t'Serclaes, aliyeukomboa mji mwaka 1356 na kuuawa mwaka 1388. Wageni hupita wakiugusa mkono wake, wakiamini utawaletea bahati; shaba imeng'aa kwa kuguswa. Watu wa ajabu! Wanagusa mkono, hawafuati kazi ya mkono. Si bahati iliyoujenga uwanja ule, wala si bahati iliyouinua toka majivuni. Waliuinua waoka mikate na wachinjaji, chini ya Mtakatifu Mikaeli. Malaika yule yule anasimama katika makanisa yetu, na mguu wake uko juu ya adui yule yule, ambaye jina lake moja ni Ulafi.